Maji Yanapita Wapi? Miji Inavyotumia Ramani na Kompyuta Kujikinga na Mafuriko



Wengi wetu tuna mtoto, ndugu au jamaa anayeishi mjini. Masika yakichachamaa tunasikia redioni: mafuriko Dar es Salaam, nyumba zimeingiwa na maji, barabara imefungwa. Tunapiga simu, haipatikani. Usiku huo hatulali. Basi leo tujifunze jambo linalowahusu hao wenzetu wa mjini, na sisi wa vijijini pia, kwa maana mito inayofurika mjini haianzii mjini.

Jambo lenyewe ni hili. Miji mingi duniani siku hizi inatumia simu, kompyuta na ndege ndogo zisizo na rubani ili kujua maji yanapita wapi, miti iko wapi, na watu walio katika hatari ni akina nani. Watu wa maofisini wanaiita teknolojia ya dijiti. Neno hilo lisitutishe. Dijiti ni tarakimu tu. Kompyuta haijui picha wala sauti wala barua. Kila kitu inakigeuza kuwa tarakimu, tena mbili tu, 0 na 1. Picha ya mto ikisha kugeuzwa tarakimu, inaweza kupelekwa mbali, kunakiliwa mara elfu, na kupimwa pamoja na picha nyingine. Sisi tuliojifunza kuandika hesabu tukiwa watu wazima tunajua tofauti ya kuandika na kukisia. Anayekisia magunia yake hupunjwa. Aliyeandika ana la kuonyesha.

Watu hao hao wanasema pia "mji wa kijani" na "mji stahimilivu". Mji wa kijani si mji uliopakwa rangi. Ni mji wenye miti na hewa safi, usiotia taka katika mito yake. Mji stahimilivu ni ule ambao ukipigwa na mvua kubwa au jua kali, haulali chini muda mrefu. Unainuka upesi na watu wanarudi kazini. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, kama tutakavyoona.

HESABU YA BATI MOJA

Kwanza tufanye hesabu. Chukueni daftari.

Mvua hupimwa kwa milimita. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Hii ni kanuni nzuri, tuikariri. Sasa tuseme nyumba ina bati la urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Mara nane kwa tano, tunapata mita za mraba 40. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, bati hilo linapokea lita 40 mara 50, yaani lita 2,000. Ni mapipa 10 ya lita 200, au madumu 100 ya lita 20. Bati moja tu hilo!

Sasa tuseme mtaa wa mjini una nyumba 1,000 za namna hiyo. Ni lita 2,000,000, na bado hatujahesabu barabara ya lami, uani kulikopigwa saruji, wala uwanja wa shule ulioshindiliwa na miguu ya watoto. Hapo zamani, palipokuwa na miti na majani, sehemu ya maji hayo ingezama ardhini polepole. Sasa hayana pa kuzama. Yote yanakimbilia mtaroni. Mtaro nao umejaa taka na mchanga. Yatakwenda wapi basi? Yataingia ndani kwa watu.

Ndiyo maana ukikata mti na kupiga saruji hapa, unapeleka maji kwa jirani aliye chini. Mjini jirani huyo ni maskini mara nyingi, maana ardhi ya bondeni ndiyo nafuu.

MTO MSIMBAZI

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, mji tunaoufahamu. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa huo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu 4,364,541. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hao walijenga wapi? Wengi walijenga pale walipopata, bila mpango wala mtaro.

Katikati ya jiji unapita mto Msimbazi. Unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka hadi Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Kiangazi ni mto mdogo. Mtu anaweza kuudharau. Lakini mvua ikinyesha vilimani, mto unakuja na mchanga na takataka. Mchanga unatua pale Jangwani palipo tambarare. Kina cha mto kinapungua mwaka hadi mwaka, na maji hutafuta upana.

Mwaka 1979 mpango mkuu wa jiji ulikwisha kusema kuwa bonde hilo ni mahali pa hatari, watu wasijenge. Watu walijenga. Tusiwacheke. Mtu aliyetoka kijijini na mfuko mmoja, akapata kibarua Kariakoo, atakaa wapi? Atakaa karibu na kazi, mahali ambapo kodi anaiweza.

Desemba 2011 mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo. Watu wapatao 40 walikufa. Maelfu walikosa makazi, na baadhi yao serikali iliwapeleka Mabwepande, nje ya mji. Watu wa hali ya hewa walisema mvua kubwa kama hiyo haikuwahi kuonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954.

Tena Aprili 2018 maji yalirudi. Safari hii yaliingia hadi kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani. Mabasi hayo yalianza kazi mwaka 2016, na mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa ajili yake, kwa sababu basi moja kubwa linachafua hewa kidogo kuliko magari madogo mengi. Kumbe basi la kijani nalo likiegeshwa bondeni linazama kama kitu kingine chochote. Hapo ndipo tunaona kwamba kijani peke yake haitoshi.

RAMANI AMBAYO HAIKUWEPO

Sasa mtu atauliza: kwa nini wakubwa wa jiji hawakuchimba mitaro na kuokoa watu? Sababu ziko nyingi, lakini moja ni hii. Mitaa mingi haikuwa kwenye ramani. Katika ramani za zamani, mtaa wenye watu elfu nyingi ulionekana kama mahali patupu. Huwezi kuzibua mtaro usiojua uko wapi. Huwezi kupeleka mtumbwi wa kuokoa watu kwenye njia usiyoijua jina.

Mwaka 2011 wanafunzi na wakazi walijaribu kuchora ramani ya Tandale. Kazi ilifaa. Mwaka 2015 ikaanza kazi kubwa zaidi iliyoitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa kata zinazopatwa na mafuriko. Tume ya Sayansi na Teknolojia, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia walikuwa miongoni mwa waliosaidia.

Kwa nini iliitwa huria? Kwa sababu ramani hiyo haifungiwi kabatini. Imewekwa katika ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Ramani hiyo ni kama daftari moja kubwa mno, ambalo kila mtu anaweza kulisoma bure, na kila aliyejifunza anaweza kuandika humo kisima chake, njia yake, shule yake. Akikosea, mwingine anasahihisha.

Tuangalie kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo pana mafunzo.

Walichapisha karatasi zenye picha ya mtaa iliyopigwa kutoka juu. Kijana wa chuo na mwenyeji walitembea pamoja. Mwenyeji anasema: hii ni zahanati, huu ni msikiti, hapa kuna bomba, huu mtaro umeziba tangu mwaka juzi. Kijana anaandika kwa kalamu juu ya karatasi. Jioni yale yaliyoandikwa yanaingizwa katika kompyuta. Wengine walitumia simu. Simu za siku hizi zinapokea ishara za setilaiti, yaani vyombo vinavyozunguka dunia huko juu angani. Simu ikipata ishara za setilaiti nne au zaidi, inaweza kupiga hesabu na kujua iko mahali gani duniani, ikakosea kwa mita chache tu.

Mitaro ilipimwa: upana, kina, imejengwa kwa nini, imeziba au haijaziba. Tena wenyeji waliulizwa mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Swali hili ni la maana sana. Mama aliyekaa Kigogo miaka 30 hawezi kukutajia sentimita. Lakini anakumbuka kama maji yalimfika kwenye kifundo cha mguu, gotini au kiunoni, na anaweza kukuonyesha ukuta wenye alama ya tope. Kumbukumbu yake ni kipimo. Ikiandikwa pamoja na za majirani 100, unapata mchoro wa mafuriko ambao hakuna mtaalamu aliyekuwa nao.

Sisi tunapenda sehemu hii kuliko zote. Mashine zilikuwepo, lakini bila mama wa Kigogo zisingejua kitu.

Baadaye walichora hata mipaka ya mashina. Ninyi mnalijua shina na mjumbe wake. Mjini nyumba nyingi hazikuwa na namba wala mitaa haikuwa na majina ubaoni, lakini karibu kila mtu anamjua mjumbe wake. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kila mgonjwa ilibidi aulizwe anatoka wapi. Mtu akitaja jina la mjumbe wake, na mpaka wa shina uko katika ramani, mganga anajua kisima gani akapime maji. Si mnaona? Utaratibu wa zamani wa wazee ndio uliofanywa anwani ya kompyuta.

NDEGE NDOGO NA JICHO LA PILI

Kujua njia na nyumba hakutoshi. Maji hutazama juu na chini, hayatazami kushoto na kulia. Ili ujue yatapita wapi lazima ujue mwinuko wa ardhi. Kwa kazi hiyo walitumia ndege ndogo isiyo na rubani, yaani droni. Inaruka yenyewe kwa kufuata njia iliyopangiwa, inakwenda na kurudi kama ng'ombe wa plau shambani, na kila baada ya muda mfupi inapiga picha.

Lakini picha inajuaje kimo cha ardhi? Jaribuni hili. Nyosha mkono, inua kidole kimoja. Fumba jicho la kulia ukitazame kidole. Kisha fumbua la kulia, ufumbe la kushoto. Kidole kimehama! Kilete karibu na pua, urudie. Kinahama zaidi. Kitu kilicho karibu na macho huhama sana, kilicho mbali huhama kidogo. Droni nayo hupiga kila mahali picha mbili, tatu au zaidi, kutoka sehemu mbalimbali. Kompyuta inapima kila jiwe na kila paa vimehama kiasi gani, na kwa hesabu hiyo inajua kipi kiko juu na kipi kiko chini. Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2016, vijana walirusha droni za namna hiyo kuchora visiwa vyote.

Baada ya hapo kompyuta inaweza kufanya kitu ambacho mwanadamu hawezi. Inamwaga mvua juu ya ramani bila mtu yeyote kulowa. Mtaalamu anasema: nipe milimita 50. Kompyuta inaonyesha maji yanakusanyika wapi. Nipe milimita 100. Inaonyesha nyumba zipi zitaingiwa, shule ipi itakuwa salama, barabara ipi itakatika. Basi mtu anaweza kupanga kabla: hapa tuzibue, hapa tupanue, watu wa hapa wakimbilie shule ile.

ALAMA YA X

Tusisifu tu. Ramani ina pande mbili, kama panga.

Ramani inayoonyesha nani yuko hatarini inaweza kumletea mtu huyo mtaro na tahadhari. Inaweza pia kumletea tingatinga. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Kwanza zilipigwa alama ya X nyekundu ukutani, kisha zikavunjwa. Serikali ilisema, na ni kweli, kwamba mahali pale ni pa hatari na watu walikwisha kuonywa. Wakazi walisema, na hilo pia ni kweli, kwamba hawakuwa na mahali pa kwenda na mvua zilikuwa zinakuja. Ubomoaji huo haukutokana na droni wala Ramani Huria. Hata hivyo, mtu aliyeona X kwenye ukuta wa jirani atamwogopa kijana anayekuja na simu kupima mtaro wake. Nani angemlaumu?

Mwaka 2018 wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi walikaa pamoja katika mikutano mingi kutengeneza mpango wa bonde hilo, na ramani zile zilikuwa mezani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde la Msimbazi. Mpango wenyewe ni kuchimba na kupanua mto sehemu ya chini, kuondoa karakana ya mabasi pale Jangwani, kujenga daraja refu na la juu, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani kubwa ya miti na majani. Bustani ikifurika hakuna anayekufa. Maji yanakaa humo, yanapungua, watoto wanarudi kucheza mpira. Hapo kijani na ustahimilivu vimekutana mahali pamoja.

Wakazi walio ndani ya eneo hilo wamepangiwa fidia. Baadhi yao walilalamika kwamba malipo ni madogo, hayanunui kiwanja karibu na walikozoea kufanya kazi. Sisi tunaona swali la haki haliwezi kupigiwa hesabu na kompyuta. Kompyuta inasema tu nyumba hii itaingiwa na maji. Haisemi mwenye nyumba alipwe nini, wala ahamie wapi, wala mtoto wake atasoma shule gani. Hayo yanajibiwa katika mkutano, na mkutanoni anayejua kusoma ramani yake hadanganywi upesi. Kwa hiyo tunasema kila mwananchi anayepimiwa ardhi aombe kuonyeshwa ramani yenyewe, aisome, aone jina lake na mpaka wake, aulize pale asipoelewa. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Wewe unajua kusoma sasa.

MITI YA FREETOWN

Tuvuke hadi Afrika ya Magharibi. Freetown ni mji mkuu wa Sierra Leone. Umejengwa kati ya bahari na vilima. Miti ya vilimani ilikatwa kwa kuni, mkaa na viwanja. Tarehe 14 Agosti 2017, alfajiri, baada ya mvua kubwa, sehemu ya kilima iliporomoka. Watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena.

Meya wa mji huo, Bibi Yvonne Aki-Sawyerr, aliyechaguliwa mwaka 2018, alianzisha kampeni ya kupanda miti milioni moja. Mtasema: ah, kampeni za miti tumeziona. Kweli tumeziona. Anakuja mgeni, anapanda mche, anapigwa picha, anaondoka. Mbuzi anamaliza kazi.

Freetown walifanya tofauti. Kila mche uliandikishwa. Mwananchi anayeutunza anaupiga picha kwa simu, na simu inaandika mahali ulipo. Mche unapata namba yake, kama ng'ombe mwenye alama. Baada ya muda anarudi, anaupiga picha tena. Picha zikionyesha mti uko hai, anayeutunza analipwa ujira. Hivyo mtu hapati fedha kwa kuchimba shimo tu, bali pia kwa kumwagilia na kulinda. Na mtu aliye mbali aliyetoa fedha anaweza kuuona mti wenyewe kwenye kompyuta, asidanganywe.

Hesabu yake ni rahisi. Kijiji kimepanda miche 500. Baada ya mwaka tunakuta 120 hai. Mia moja ishirini gawanya kwa mia tano, zidisha kwa mia, ni asilimia 24. Je, katika ripoti tuandike tumepanda miti 500 au tuna miti 120? Kwa maoni yetu, taarifa ya miti iandikwe kwa idadi ya iliyo hai. Namba nyingine ni mapambo.

Hata New York huko Marekani walihesabu miti yao ya barabarani. Mwaka 2015 na 2016 watu wa kujitolea zaidi ya 2,200 walizunguka na kuandika mti mmoja mmoja. Walipata miti 666,134. Sasa mkazi anaweza kutafuta mti ulio mbele ya mlango wake katika ramani, akaona ni wa aina gani.

KING'ORA CHA RIO

Rio de Janeiro, Brazil, ni mji wa vilima na watu maskini wengi wanaishi mitelemkoni. Aprili 2010 mvua iliua watu wengi huko. Mwisho wa mwaka huo mji ulifungua kituo kimoja kikubwa ambamo watu wa mvua, wa barabara, wa umeme na wa uokoaji wanakaa chumba kimoja mbele ya picha za mji mzima. Mji ulikuwa na vipimo vya mvua 33 vinavyotuma hesabu vyenyewe. Tangu 2011 ving'ora vilifungwa katika mitaa ya vilimani. Mvua ikipita kiasi, king'ora kinalia, na watu wanakwenda mahali palipopangwa.

Fedha nyingi zilitumika. Lakini angalieni: king'ora kikilia saa nane za usiku, nani atambeba mzee asiyeona? Mashine haimbebi. Kwa hiyo walifundishwa watu wa mtaa wenyewe, wanaojua nani yuko nyumba gani.

Hapa kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa kwa hatua tatu. Angalizo ni rangi ya njano: jiandaeni. Tahadhari ni rangi ya chungwa: hatari imekaribia. Tahadhari kubwa ni nyekundu: ondokeni mahali pa hatari. Taarifa hizi zinapita redioni na katika simu. Lakini simu huisha chaji, na mvua kubwa hukata umeme. Katika nyumba nyingi simu yenyewe iko mfukoni mwa baba, na baba yuko safarini. Kwa hiyo ngoma, kengele, spika ya msikiti na miguu ya mjumbe bado ni vyombo vya kazi. Tusivitupe.

NA SISI JE?

Mtu wa Kisarawe anaweza kusema mafuriko ya Jangwani hayamhusu. Lakini mkaa uliochomwa kilimani, shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa kijito, mchanga uliochimbwa mtoni, vyote hivyo vinateremka na maji. Mto hauulizi mpaka wa wilaya.

Tena mafuriko si ya mjini peke yake. Vijiji vyetu vinayo mabonde yake. Droni hatuna. Kazi ya kwanza ya Ramani Huria ilikuwa kutembea, kuuliza na kuandika, na hayo tunayaweza.

Wiki hii kikundi chenu cha kisomo kikutane uwanjani. Chukueni fimbo, majivu, mawe na majani mabichi. Choreni kijiji ardhini. Majivu yawe njia, mawe yawe nyumba, majani yawe miti, mstari wa fimbo uwe kijito. Wazee waonyeshe maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa wanayoyakumbuka, na yalimfika mtu wapi: kifundo, goti au kiuno. Wanawake waonyeshe visima na njia za maji, maana wao ndio wanaozipita kila siku. Ikiwa yupo kijana mwenye simu ya picha, aupige mchoro kabla ya upepo kuuharibu. Asipokuwepo, mmoja aunakili katika karatasi, na chini aandike tarehe.

Kisha wekeni kopo lenye pande zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila asubuhi mvua inaponyesha, pimeni kina cha maji kwa rula, muandike milimita katika daftari, mmwage maji hayo.

Mkisha kuwa na karatasi hiyo na daftari hilo, jadilianeni maswali haya. Mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, nyumba zipi kijijini mwetu zitaingiwa kwanza? Nani analala katika nyumba hizo, na nani atakayewaamsha? Shule au nyumba ya ibada iliyo juu kuliko zote ni ipi, na ufunguo wake anao nani? Maji yakitoka kwetu yanakwenda kijiji gani, na tumewahi kuwauliza wenzetu wa huko?